Mawe ya Tanga: leseni yako mwenyewe au ya kikundi?
Wavunja kokoto wa Amboni na Maweni hubishana sana juu ya hili. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania tu na hudumu miaka 7, iwe ya mtu mmoja au ya kikundi.

Kwa gharama, kikundi kinashinda: ada ya mwaka mnachangiana. Kwa uamuzi wa haraka, ya peke yako. Tipa likifika alfajiri hungoji kikao.

Utunzaji wa leseni ndio mgumu. Baruti ina kibali chake, mashimo yafukiwe, na jiwe likimwangukia kijana, mwenye leseni ndiye anayeulizwa. Peke yako, mzigo wote ni wako. Kikundini, mweka hazina asipotunza risiti mnagombana kabla mkaguzi hajafika.

Una mtaji? Chukua yako. Una nyundo tu? Ingia kikundini, ila soma katiba yake kwanza.