Faundesheni ipi ununue Arusha na Moshi: tumezipanga kuanzia inayofaa zaidi

Uso ukitoka mabaka saa sita mchana, mara nyingi kosa si la faundesheni. Ni la kilichopakwa chini yake, au la kutopakwa kitu kabisa. Kwa hiyo ukiwa umetenga shilingi 60,000 za mekapu, toa kwanza ya losheni nyepesi na ya kinga ya jua, kinachobaki ndicho cha faundesheni. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali palivyo juu ndivyo miale ya jua inavyokuwa mikali, hata zile siku za Julai ambazo mawingu hayaondoki na watu hawavui masweta. Moshi iko chini zaidi, na joto lake la Januari na Februari linakutoa jasho kabla hujafika stendi. Faundesheni inayokaa vizuri kwa mtu wa Njiro, Arusha, inaweza kumteleza mtu wa Mbuyuni, Moshi.

Nafasi ya kwanza: ya majimaji isiyo na mafuta. Hii ndiyo tunayompendekezea mtu anayenunua moja tu. Inatandazika ikawa nyembamba, unaweza kuongeza tone mahali penye kovu la chunusi bila kuufunika uso mzima, na inafaa miji yote miwili. Chukua inayoficha kiasi, siyo ile iliyoandikwa kwamba inafunika kila kitu. Hiyo ya pili ni ya sendofu na kamera, na mchana wa jua inaonekana wazi kwamba umejipaka. Chupa ya mililita 30, ukitumia nusu mililita kwa siku, inakwenda siku 60. Uso mzima unahitaji kiasi cha punje moja ya harage. Ukizidisha, ziada inajikusanya kwenye mikunjo ya pua na mdomo.

Ya pili: losheni yenye rangi. Kwa ngozi kavu, na kwa baridi ya Arusha ya Juni hadi Agosti, sisi tungeiweka hata juu ya ile ya kwanza. Ikiwa na kinga ya jua, ile oksidi ya chuma inayoipa rangi husaidia kuzuia mwanga wa kawaida unaozidisha madoa meusi kwenye ngozi zetu. Kilichoishusha ni rangi: aina nyingi zina rangi tatu au nne tu, na mweusi wa kweli hapati yake.

Ya tatu: ya stiki. Nzuri kuficha doa, na ni rahisi kubeba. Ila ina nta na mafuta mengi, hivyo kwa joto la Moshi inayeyuka, na vumbi la kiangazi linaganda juu yake. Panda bodaboda, vaa helmeti, na faundesheni yote ya paji inabaki ndani ya helmeti.

Ya mwisho: poda ya kopo lenye kioo, ikitumiwa peke yake. Inapendwa kwa sababu ni rahisi na inapatikana kila duka, lakini kwenye ngozi kavu inashika magamba na kuyaonyesha. Inunue kama nyongeza ya kukausha paji, pua na kidevu tu.

Sasa rangi, ambako fedha nyingi hupotea. Usijaribie mkononi, mkono na uso havifanani. Paka mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kutoka shavuni hadi shingoni, toka nje ya duka, na usubiri dakika 10 hadi 15. Rangi hukolea ikikauka na kuchanganyika na mafuta ya ngozi, hivyo iliyokuwa sawa chini ya taa inaweza kukuzidi weusi barabarani. Mstari unaopotea ndio wako. Ukiona umekuwa wa kijivu kama majivu, rangi ni nyeupe mno kwako au haina wekundu au unjano wa ngozi yako. Paji na pembe za mdomo zikiwa nyeusi kuliko mashavu, jambo la kawaida kabisa, fuata shingo.

Geuza chupa usome viambato. Dimethicone na majina mengine yanayoishia na -cone yakiwa juu kwenye orodha, faundesheni hiyo ina silikoni nyingi. Ukiipaka juu ya praima (kile kipako cha kuandaa ngozi kabla ya faundesheni) ya maji ambayo haijakauka, inaviringika vipande vidogo kama takataka za kifutio. Praima na faundesheni zinunue za aina moja. Mafuta ya mgando nayo yaache kwa ajili ya midomo na visigino, maana hayanyonywi, na chochote juu yake kinateleza.

Maandalizi yenyewe ni hivi. Osha uso kwa sabuni isiyokaza ngozi, ukaushe kwa kugusagusa, na ungali na unyevu paka losheni yenye glisirini. Subiri dakika 5. Kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi ichore kwenye urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Zile zenye oksidi ya zinki huacha weupe, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa. Subiri dakika 10 tena. Faundesheni anzia katikati ya uso kwenda nje, kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, ukigonga bila kuburuta.

Dukani, linganisha namba ya toleo kwenye boksi na ya kwenye chupa, angalia tarehe, na uikatae chupa iliyokaa dirishani juani, kwani joto hutenganisha mafuta. Krimu ya "kung'arisha" isiyoorodhesha viambato irudishe hapohapo: zebaki na haidrokwinoni ni marufuku kwenye vipodozi nchini, na ngozi iliyochubuliwa kwa mkorogo hakuna faundesheni itakayotulia juu yake. Sponji ioshe kwa sabuni kila baada ya kuitumia, na ikianza kuchanika, nunua nyingine.