Betri ya sola ya nyumbani: ununue ipi?

Sola ya nyumbani ikifa mapema, mara nyingi kilichokufa ni betri. Paneli nzuri hupita miaka 20. Betri isiyofaa huweza isimalize hata mwaka. Basi piga hesabu kabla hujaenda dukani. Taa 4 za LED za wati 5, televisheni ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) ya wati 25 na king'amuzi cha wati 15, vyote vikiwaka kwa muda wa saa 5, pamoja na simu 3 za kuchaji: jumla ni kama wati-saa 330 kwa siku. Paneli ya wati 120 na kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri) ya ampea 10 zinatosha.

Chaguo la kwanza: lithiamu ya LiFePO4, volti 12 (hasa 12.8), Ah (ampea-saa) 50. Hubeba wati-saa 640, na asilimia 80 yake hutumika bila kuiumiza. Bei inauma siku ya kununua, lakini huhimili maelfu ya mizunguko ya kuchaji, wakati betri za risasi huishia kwenye mamia. Hakikisha kontrola ina mpangilio wa lithiamu (volti 14.2 hadi 14.6).

La pili: gel, yaani betri ya risasi yenye tindikali iliyogandishwa, volti 12, Ah 100. Hesabu nusu tu, wati-saa 600. Ukiishusha zaidi kila usiku unaiua. Omba mizani dukani! Gel halisi ya Ah 100 huwa na kilo 28 hivi au zaidi. Ikiwa na kilo 18, risasi haitoshi, hata stika iseme nini. Ikichajiwa kupita kiasi hukauka, na haiongezwi maji.

La tatu: betri ya maji ya sola. Ni imara, ila ikague kila mwezi na uiongeze maji yaliyokenekwa (distilled water), kamwe si tindikali. Usiiweke chumba cha kulala, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka.

Betri ya gari usinunue. Sahani zake ni nyembamba, zimeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache.

Wakati wa kufunga, fyuzi ya ampea 20 ikae karibu na chanya ya betri. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, ndipo paneli. Kontrola nyingi hutambua volti za mfumo kupitia betri. Kutoka paani, kwa mita 10, tumia waya wa mm² 4. Ule wa 1.5 hupoteza takriban volti moja na nusu jua likiwa kali, na betri haijai.