Madini ya fedha au oksidi ya titani: kipi kinase sumukuvu?

Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo mjadala huu wa maabara unatuhusu. Leza ikiimulika molekuli ya sumu, mwanga unaorudi hubeba alama ya kuitambulisha, iitwayo alama ya Raman, lakini ni hafifu mno. Chembe za nano, yaani ndogo mno, za fedha au oksidi ya titani huikuza.

Kwa ukali wa kunasa, fedha inashinda waziwazi: huikuza mara milioni na zaidi, wakati oksidi ya titani, ambayo ni semikondakta (hupitisha umeme kiasi tu), mara nyingi hufikia maelfu tu. Kwa kuwa kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, pengo hilo ni kubwa.

Lakini fedha ni ghali na hufifia hewani. Oksidi ya titani (niiite titani tu) hudumu, tena ina sifa ninayoipenda sana: ikipigwa na mionzi ya urujuanimno, hata ya jua letu la Dodoma, huvunjavunja mabaki ya molekuli, nawe ukaitumia tena.

Unathibitisha sampuli chache zenye sumu kidogo? Chukua fedha. Unafanya vipimo vingi vya utafiti kwa bajeti finyu, na molekuli zako hushika vizuri kwenye titani? Anza na titani. Wapo wanaopaka fedha juu ya titani. Gharama hupanda, ila usafishaji kwa mwanga hubaki.