Maabara pepe za biolojia kwa sisi tusio watu wa sayansi: uzoefu wangu wa muhula mzima

Mi nasoma uhasibu. Naanza na hilo ili mtu wa sayansi akipita hapa asinishangae. Biolojia niliiacha sekondari nikajua tumeachana kwa amani, kumbe chuo kinataka kila mtu apitie somo moja la sayansi lenye maabara ndo amalize digrii, na hilo letu maabara zake karibu zote zilikuwa za kwenye kompyuta. Mazoezi 10, 8 unafanya popote ulipo na laptopu yako, mawili tu ndo unaingia kwenye chumba chenyewe. Nimemaliza juzi.

Wanaouliza kama ni rahisi: ni rahisi mno, na shida inaanzia hapo hapo. Zoezi la kwanza lilikuwa hadubini. Unaburuta slaidi unaiweka chini ya lenzi, unabofya 4, 10, 40 (unazidisha na 10 ya lenzi ya jicho, kwa hiyo hiyo ya 40 inakuza mara 400), unazungusha kidude cha kufokasi kidogo tu na seli za kitunguu hizo hapo, zimejipanga kama matofali, kiini kimeandikwa kiini, ukuta umeandikwa ukuta. Dakika 12 nimemaliza, nikapata 100 kwa 100.

Wiki tatu baadaye tukaingia maabara ya kweli nikapewa hadubini ya kweli, aisee. Karibu nusu saa naangalia duara jeusi. Mara nimeweka ngozi ya kitunguu iliyojikunja, mara nimemwaga ayodini (ile rangi ya kufanya seli zionekane) mpaka kila kitu kimekuwa kahawia, mara nasogeza slaidi kushoto picha inakimbilia kulia (ndivyo zilivyo, picha inageuzwa, ila kwenye kompyuta hawakuliweka hilo), mara naona kope zangu mwenyewe. Mwisho nikamwita mwenzangu kwa fahari, njoo uone nimepata kiini, cha duara kabisa, kina ukingo mweusi mzuri. Akachungulia akaanza kucheka. Kiputo cha hewa. Kwenye kompyuta hakuna viputo vya hewa jamani! Yaani kazi kubwa ya hadubini ni kujua kipi siyo seli, na hiyo ndo sehemu waliyoikata.

Ila nisiwe mchoyo wa sifa. Zoezi la nzi wa matunda lilinishika. Hawa nzi kutoka yai hadi nzi mzima wanachukua kama siku 10 kwenye joto la digrii 25, kwa hiyo ukitaka kuona wajukuu ni wiki tatu au nne za kulea chupa zenye nzi, na mi hata ua la chungu linanifia. Kwenye kompyuta ni kubofya. Nikachukua jike la macho mekundu na dume la macho meupe, watoto wote wakatoka macho mekundu, sawa. Nikawazalisha hao watoto wenyewe kwa wenyewe, wajukuu wenye macho meupe wakarudi, lakini wote madume. Wote! Nikadhani programu imeharibika. Nikarudia, vile vile, nikarudia tena saa sita usiku, vile vile, mpaka nikaacha kulaumu programu nikaanza kuchora kwenye karatasi X na Y (kromosomu zinazoamua jinsia) nani kapata nini kwa nani. Jike ana X mbili, dume ana moja, kwa hiyo akipokea ile yenye jeni ya macho meupe hana nyingine ya kumfunikia. Baadaye kwenye kitabu nikakuta Thomas Hunt Morgan, mwanasayansi wa jenetiki, aliona kitu hicho hicho kwa nzi hao hao mwaka 1910, nikajisikia mkubwa kweli. Hiyo hata maabara ya kweli isingenipa, muhula ungeisha nasubiri nzi.

Zoezi la njegere sasa, pale uhasibu wangu ukaamka. Nikazalisha mimea 1000, nikapata mbegu za mviringo 750 na zilizokunjamana 250. Nikarudia, 750 na 250. Mtu wa hesabu akiona vitabu vimelingana hivyo mara mbili mfululizo hapongezi mtu, anaomba risiti. Mendel mwenyewe, yule mtawa aliyefanya majaribio haya ya njegere, kwenye makala yake ya 1866 alihesabu 5474 kwa 1850, ambayo ni kama 2.96 kwa 1 (matarajio ni 3 kwa 1), na hata hivyo mwaka 1936 Ronald Fisher, mtu wa takwimu, alipiga hesabu za kazi yake nzima akasema namba zimekaa vizuri kupita kawaida, mjadala ukaendelea miaka na miaka. Sasa kama Mendel alishukiwa, hii yangu je? Waliotengeneza wangeacha bahati nasibu ifanye kazi yake, maana tumeambiwa tufanye jaribio la kai-skwea kuona kama matokeo yanatofautiana na matarajio, mi tofauti yangu ni sifuri, nijadili nini kwenye ripoti?

Iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ya sungura ya PhET, mkusanyiko wa maabara pepe wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni bure na haikudai nifungue akaunti. Unaweka sungura weupe, unaongeza badiliko la manyoya ya kahawia, afu unaachia mbwa mwitu. Kwenye jaribio la darasani kabla ya hapo nilikuwa nimeandika sungura walibadilika rangi ili wasionekane, nikapigwa mkasi. Kwenye ile programu nikaona kwa macho kwamba hakuna sungura anayebadilika, wa kahawia wanazaliwa hata mbwa mwitu wasipokuwepo, na ukiwahamishia kwenye theluji hao hao waliokuwa wanatamba wanaliwa wa kwanza.

Kero ndogo ndogo zipo. Mfumo mmoja tuliotumia ulinikata alama kwa kuandika 0,5 badala ya 0.5, mwingine uliganda dakika ya mwisho ukanirudisha mwanzo, na kiungo kimoja kilikuwa bado cha Flash, programu ya zamani ya kuendeshea michoro kwenye kivinjari, ambayo Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020, kwa hiyo unapata kisanduku kitupu tu. Kwenye simu usijisumbue.

Unayetaka kuzitumia, nakuambia nilichochelewa kukijua. Kabla hujabofya andika kwenye karatasi unadhani kitatokea nini, kwa namba ukiweza. Bila hivyo utabofya endelea, endelea, endelea, utapata 100 yako na kesho huna kitu kichwani, mazoezi mawili ya kwanza niliyafanya hivyo na hadi leo sijui osmosisi vizuri. Na kama wana hata siku moja ya maabara ya kweli, nenda, usitume udhuru.

Nyota: 4 kwa jenetiki na sungura, 2 kwa hadubini. Kile kiputo nilikipiga picha, bado ninacho kwenye simu.