Ukibipu wanakupigia: miezi kumi na huduma ya unasihi ya shule yetu

Nauza samaki wa kukaanga Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, na binti yangu yuko Kidato cha Pili kwenye sekondari ya kata huku huku Ilemela. Tangu Januari shule yao imejiunga na huduma ya simu inayowaunganisha wanafunzi, walimu na wazazi na wanasihi, wale washauri wa mambo ya moyo na akili. Jina la huduma silitaji. Shule za Mwanza zilizojiunga nayo unazihesabu kwa vidole, na nikilitaja tu watu wa mtaani watajua nasema watoto wa nani.

Bei ni elfu tatu kwa muhula, unalipa pamoja na mchango wa chakula. Kikaoni tulipiga kelele. Baba mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, mtoto akiwa na mawazo si aje aseme nyumbani?" Ukumbi mzima tukacheka, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka kwa sauti.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo wao wamewekewa kishikwambi, kinafanana na vile walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022. Mwanafunzi anaingiza namba yake ya siri, anaandika linalomsumbua, mnasihi anamjibu au wanapangiana muda wa kuongea kwa sauti. Sasa hicho kishikwambi walikiweka wapi? Ofisini kwa makamu mkuu wa shule! Wewe mtoto umekuja kusema kuna mwalimu anakutisha mpaka chakula hakishuki, na makamu yuko pale anakunywa chai na chapati. Mwezi mzima hakikuguswa, isipokuwa na wavulana wawili waliotaka kujua Simba na Yanga zimetoka ngapi. Mwalimu wa malezi, dada mmoja mwenye akili zake, akakihamishia stoo ya vitabu, akaweka kiti kimoja na pazia la kitenge. Foleni ikaanza wiki hiyo hiyo. Pazia hilo kampuni haikulileta, alilitoa kwake nyumbani.

Upande wa wazazi unaingia kwa nyota na reli, hata kitochi kinafanya kazi, bando halihitajiki. Hapo nawapa maua yao. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba ukibipu wanakupigia. Mchana nimepigiwa ndani ya robo saa, mara moja tu nikasubiri mpaka jioni. Jumapili usijisumbue, hakuna mtu. Kisukuma nacho hakimo. Mama mkwe wangu analea wajukuu watatu Magu, na Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu. Ukimwambia "msongo wa mawazo" anakuuliza huo ni ugonjwa wa mifugo gani.

Sasa nieleze lililonikuta mwezi wa tatu, maana ndilo limenifanya niandike.

Simu niliyoandikisha shuleni ndiyo simu ya biashara. Inakaa kibandani, juu ya ndoo ya unga, kwa sababu ndiyo yenye lipa namba. Mikono yangu muda wote ina mafuta, kwa hiyo kijana ninayekaanga naye ndiye anayesoma meseji kwa sauti: "Mama, elfu nane imeingia. Mama, elfu tano imeingia." Siku hiyo, saa saba mchana, watu wamejaa, ikaingia meseji naye akasoma kwa mdundo ule ule: "Mzazi, mwanao amezungumza na mnasihi kuhusu huzuni ya muda mrefu. Tafadhali wasiliana nasi."

Karai linachemka, watu kimya. Mmoja wa wateja alikuwa mama wa mtoto anayekaa dawati moja na binti yangu. Jioni binti alirudi akiwa ameshaambiwa shuleni kwamba mama yake anamtangazia sokoni kama dagaa. Siku nne hakunisemesha. Uji anakunywa, vyombo anaosha, lakini neno hakuna.

Nikabipu. Mnasihi aliponipigia nilimfokea kwanza, nikiri. Akanyamaza mpaka nikamaliza. Akasema, "Mama, hapo tumekosea sisi." Halafu akaniuliza kama tangu tuanue matanga ya bibi yake, yaani mama yangu mzazi aliyefariki Desemba, nimewahi kukaa na binti tukamtaja marehemu. Sijawahi. Yule bibi ndiye aliyemlea mpaka darasa la nne. Mimi nilidhani matanga yakishaanuliwa na kilio kimeisha, nikarudi kwenye karai langu. Akanishauri nisimkalishe chini kama mtu wa kesi, tuongee huku mikono ina kazi. Tukawa tunaongea wakati wa kupaa sato, saa kumi na moja asubuhi, yeye anapaa mimi natumbua. Siku ya tatu ndiyo akaanza kulia, magamba yamemjaa mikononi, anashindwa hata kujifuta.

Kwa hiyo unasihi wenyewe sina la kusema, mtu yule anajua kazi yake. Lawama yangu iko kwenye fomu. Inauliza "namba ya mzazi" basi, haiulizi simu hiyo inashinda wapi na nani anaishika. Waliotengeneza huduma hii wanafikiri kila simu ina mwenyewe. Huku kwetu asubuhi simu iko na baba kwenye bodaboda, jioni mtoto anaitumia kwa homuwek, usiku shemeji ameiazima. Kuna wazazi walioandika namba ya jirani. Kwenye kikao cha Aprili mzazi mwenzetu ambaye ni wakili alisimama akawakumbusha kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtoto si za kutupwa kwenye meseji. Wiki mbili baadaye meseji zikabadilika: "Habari za shule. Tubipu ukipata nafasi." Hivyo tu. Kijana wangu sasa anasoma na hakuna anayegeuza shingo. Fomu lakini ni ile ile mpaka leo.

Kasoro nyingine ni orodha ya huduma. Namba 116, ile simu ya bure ya huduma kwa mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali, wameiweka ya sita, chini ya "Vidokezo vya mtihani". Mtoto anapigwa au amefanyiwa unyama, atateremka mpaka sita? Mzazi, hiyo ikae kichwani kwako, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi pia. Mambo ya namna hiyo usikae unabipu.

Halafu kuna vikao vya wazazi kwa simu, mnaunganishwa watu kama ishirini na mnasihi anaongea nanyi. Cha kwanza walikipanga Alhamisi saa mbili usiku. Tukapatikana wanne. Mnasihi, ambaye yuko Dar es Salaam, akaona wazazi wa Mwanza hatujali. Nikamwambia hapana, hilo lilikuwa giza. Akauliza umeme umekatika? Ikabidi nianze mwanzo: dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inawavuta pale ambapo mwezi haupo. Giza likiingia wanaume wako ziwani usiku kucha, wanawake wanalala mapema ili alfajiri wawepo ufukweni kupokea na kuanika. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapumzika.

"Kwa hiyo akina baba wanakuwepo nyumbani mbalamwezi?"

Wanakuwepo, nikamwambia, na pesa ya giza wanayo mfukoni, na vilabu viko wazi. Muulize mwalimu wa malezi foleni ya pazia inarefuka lini.

Aliuliza kweli. Mwalimu akaenda kuangalia daftari lake la zamu, akakuta siku alizoandika "wengi" zinakaa pamoja pamoja katikati ya mwezi wa angani, siyo wa kalenda.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Muhula ujao nimeshalipa, na namba niliyoandikisha safari hii ni ya kitochi kinachokaa kwenye mkoba wangu. Juzi kimeingiza meseji, nikanawa mikono nikaisoma mwenyewe: "Mama, habari za kazi. Nataka kupanga kikao cha wazazi. Mwezi huko umefikia wapi?"