Bingwa wa Ligi na Mshindi wa Kombe: Nani Apewe Nafasi Kubwa?

Mwaka 2023 Gor Mahia, wenye mashabiki wengi mno Kisumu, walitwaa Ligi Kuu ya Kenya, nao Kakamega Homeboyz wakatwaa Kombe la FKF, yaani la Shirikisho la Soka Kenya. Timu za namna hii zinapokutana katika mechi moja, wengi humpa bingwa wa ligi ushindi kabla mpira haujaanza, jambo ambalo naona si haki.

Ligi ya timu 18 ina mechi 34, na katika safari hiyo ndefu bahati humwishia kila mtu: majeruhi huongezeka, viwanja hubadilika, na kikosi kisicho na wachezaji wa akiba wa kutegemewa hufichuka. Kwa sababu hiyo, ninapopima ubora wa timu, taji la ligi kwangu lina uzito zaidi.

Kombe ni la mtoano. Kosa moja la beki linatosha kuiondoa timu kubwa, kwa hiyo mshindi wake amezoea kulinda bao moja na kustahimili mikwaju ya penalti, ujuzi ambao mechi moja ndiyo inauhitaji. Gor Mahia wenyewe waliijua njia hiyo mwaka 1987, walipotwaa Kombe la Washindi Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia kwa sare ya 2-2 ugenini na 1-1 Nairobi, kwa kuwa jumla ilipolingana, mabao mengi ya ugenini ndiyo yaliyoamua mshindi.

Kwa dakika 90 pekee, basi, ningewapa Homeboyz nafasi sawa kabisa na Gor.