Kifurushi cha kupima hatari ya saratani ya tezi dume: jeni sawa, homoni hapana

Baba aliugua saratani ya tezi dume, kaka yangu akafuata kabla hajafika miaka sitini. Mwenye historia hiyo hashawishiwi na tangazo, anajipeleka mwenyewe. Nikaagiza kifurushi hiki: kichupa cha mate cha kupima jeni, damu ya kupima homoni na PSA (protini ya tezi dume ambayo ikipanda kwenye damu huweza kuashiria saratani), kisha mazungumzo ya simu na mshauri wa vinasaba. Kampuni siitaji, maana nina ya kuisema.

Upande wa mate hauna shida. Usile, usinywe wala usivute sigara kwa nusu saa, halafu uteme hadi kwenye mstari (povu halihesabiwi, likitulia utajikuta bado uko chini). Wanapima jeni za BRCA1, BRCA2, ATM, CHEK2, HOXB13 na nyingine chache. BRCA2 ndiyo ya kuogopwa zaidi: mwanaume aliyerithi hitilafu yake huwa hatarini kupata saratani mapema, tena iliyo kali. Kasoro ni kwamba ripoti inaandika “haijaonekana” kana kwamba neno hilo lina uzito uleule kwa kila mtu. Badiliko la HOXB13 lililotangazwa 2012, linaloitwa G84E, hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini. Kwa mwenye asili ya Afrika, ambaye hatari yake kwa jumla iko juu zaidi, kulikosa hakumwambii mengi.

Ukurasa wa homoni ndio ulioniudhi. Testosteroni yangu, yaani homoni ya kiume, imewekewa mshale mwekundu, na chini yake: “hatari imeongezeka”. Kwa ushahidi gani? Mwaka 2008 watafiti walikusanya data za tafiti 18 zilizofuatilia wanaume kwa muda, na hawakuona uhusiano kati ya kiwango cha testosteroni kwenye damu na uwezekano wa kupata saratani hii baadaye.

Najua kampuni imelitoa wapi wazo hilo. Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kwamba kuondoa homoni za kiume kunaurudisha nyuma ugonjwa uliokwisha kusambaa, na 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini kukata homoni kwa mgonjwa ni jambo moja, na mtu mzima wa afya kuwa nayo nyingi kidogo kuliko jirani yake ni jingine. Wataalamu wengi hueleza kwamba vipokezi vya tezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, hushiba mapema, kama sifongo iliyokwisha kulowa: ukizidisha maji, yanamwagika tu. Isitoshe, ndani ya tezi testosteroni hugeuzwa kuwa DHT, homoni yenye nguvu zaidi, na kipimo cha damu hakikuonyeshi kinachoendelea huko. Dawa ya finasteride huzuia mgeuzo huo, na katika jaribio lililochapishwa 2003, lenye wanaume karibu 19,000, ilipunguza saratani kwa takriban robo. Dawa hiyohiyo hushusha PSA kwa karibu nusu. Sasa niambieni kwa nini fomu yao haikuuliza dawa ninazotumia!

Fomu hiyo pia iliuliza habari za baba, kaka na babu, basi. Mshauri, dada mtulivu asiyekuharakisha, alianzia kwa mama. Nilipomtajia mama mdogo aliyepata saratani ya matiti akiwa bado kijana, alinisimamisha na kuuliza umri wake. BRCA2 iko kwenye kromosomu ya 13, ambayo si ya jinsia, kwa hiyo mzazi yeyote anaweza kukupa. Na jeni ya kipokezi cha homoni za kiume iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanaume huipata kwa mama yake peke yake.

Kwenye ATM nimekutwa na badiliko ambalo maana yake bado haijajulikana. Alinikataza kulifanyia uamuzi wowote. Akaniambia pia kwamba majibu safi hayafuti historia ya baba na kaka, PSA niendelee nayo, na kwamba kwa kawaida huanza kupimwa jeni yule aliyeugua. Kampuni ilikuwa na nafasi ya kuliandika hilo kwenye ukurasa wa mauzo. Haikuliandika.

Nyota tatu kati ya tano, mbili kati yake ni za yule dada. Wakianza kuuza jeni na ushauri bila ukurasa wa homoni, nitamwagizia kaka.